Goti la Mama, Macho ya Bibi

Goti la mama linaamka kabla yake. Nalala chumba cha pili na ukuta wetu wa tofali za kuchoma haujafika kwenye bati, kwa hiyo kila sauti ya upande wa pili inanifikia. Kwanza kitanda, halafu mama anavuta pumzi, halafu ko!, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Hiyo ndiyo alfajiri yangu. Jogoo wa jirani anafuata baadaye.

Sitaki mtu afikiri mama yangu ni mzee. Uso wake bado ni wa msichana, hasa akicheka. Mpunga ndio umemzeesha, tena umeanzia chini. Shamba letu liko Kakese, na mpunga wa kupandikiza haukupi nafasi ya kukaa wala ya kusimama. Unainama, unachomeka mche, unarudi nyuma, tope linaushika mguu, unauvuta. Goti linakwenda kushoto wewe unakwenda kulia. Jioni anarudi nyumbani Makanyagio nyuma ya bodaboda na kabla ya kushuka lazima amshike dereva bega. Vijana wa kijiweni wamemzoea.

"Taratibu, mama mkwe," wanamwambia.

Naona aibu, kwa sababu mama mkwe maana yake ni mimi.

Aibu ninayo nyingi. Darasani nikiitwa jina tu, naitika kwa sauti ambayo hata mimi siisikii. Mwaka huu niko kidato cha tatu, na tulipofika mada ya mjongeo, madam wa baiolojia alichora goti moja likajaa ubao mzima. Anafundisha kwa Kiingereza halafu anarudia kwa Kiswahili pale anapoona macho yetu yamelala. Juu mfupa wa paja, chini mfupa wa muundi. Mwisho wa kila mfupa kuna gegedu, jeupe, laini, linateleza, ili mfupa usisagane na mfupa mwenzake. Katikati ya magegedu hayo kuna ute kidogo. Kano ngumu zinafunga mfupa na mfupa isiachane, na nyingine zinafunga msuli kwenye mfupa ili msuli ukivuta, mguu uende. Vyote hivyo vimefunikwa na kifuko chembamba, na ndani ya kifuko hicho ndiko ute unakotengenezwa.

"Hiki tunakiita kiungo bawaba," alisema. "Kazi yake kukunja na kunyoosha. Hakizunguki kama bega. Simameni wote, zungusheni mabega. Haya, sasa zungusheni magoti."

Wavulana wa nyuma wakaanza kucheza singeli, darasa likaharibika. Mimi nilisimama nikaliangalia goti langu ndani ya soksi nikafikiria tope la Kakese. Goti haliruhusiwi kuzunguka, na tope linamzungushia mama goti kutwa nzima.

Bawaba nazijua. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake iko uani kwetu. Geti lisilotiwa grisi linapiga kelele mwaka wa kwanza, mwaka wa pili chuma kinakula chuma. Baba anasema ikifika hapo usihangaike, unakata unaweka bawaba nyingine. Nilikuwa naona ni maneno ya kazi tu.

Siku hiyo jioni, wakati namkanda mama kwa maji ya moto na kitambaa, nilimweleza habari ya ute. Mama alisikiliza amefumba macho. Jirani yetu muuza mboga alikuwa amekuja kuomba moto, akadakia mlangoni.

"Si ndiyo bamia hiyo? Mpeni bamia! Ute wa bamia unakwenda moja kwa moja kwenye goti. Shangazi yangu alikuwa anatambaa, leo anacheza ngoma."

Ikaniingia akilini kabisa. Ute ni ute. Tukala bamia mpaka baba akauliza kama bucha zote za Mpanda zimefungwa. Mama alikuwa anachemsha nyingine peke yake, anakunywa yale maji yanayovutika, anafunga macho kama mtoto anayepewa dawa. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kumfuata madam baada ya kipindi. Alicheka, ila siyo kwa ubaya.

"Bamia inaishia tumboni, mwanangu. Inameng'enywa huko kama chakula kingine, haina njia ya kwenda gotini na ute wake. Muache ale, ni mboga nzuri. Lakini gegedu likisagika ni kazi kurudi. Apunguze kuinama, apunguze kubeba, asipige magoti, na msuli wa paja aufanyie mazoezi maana ndio unaolishikilia goti. Tena mpelekeni hospitali."

Asipige magoti. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani, na nikamkuta bibi amefika.

Bibi ni mama yake baba. Anakaa kwa baba mkubwa, huko ndani kabisa mbele ya Kakese, kwenye ng'ombe. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na kivuli basi, na tulisikia madaktari wa macho watakuja hospitali ya mjini. Kwa hiyo akaletwa kwetu kuwasubiri. Alinipapasa kichwa, akapapasa masikio.

"Huyu ndiye mke mwenzangu?" Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, eti nimeolewa na babu. "Bado huongei? Ulimi umeuacha wapi?"

"Nipo, bibi."

"Eee, kumbe upo. Nilidhani nimeshika mtungi."

Upande wa baba ni Wasukuma. Mama ni Mbende, lakini alipoolewa alijifunza salamu zao zote, na bibi anamwita mayu, yaani mama. Mkamwana anapomsalimia mama mkwe anapiga magoti, na siyo kule kukunja kidogo ninakofanya mimi kwa walimu. Anashuka yote mawili mpaka chini na anabaki hapo mpaka salamu iishe. Na salamu ya bibi haina haraka. Mwangaluka, umeamkaje, watoto wameamkaje, mume ameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Hatuna ng'ombe hata mmoja. Mama anajibu kwamba wameamka salama.

Siku za kwanza mama alipiga magoti kila asubuhi kwenye sakafu ya saruji, halafu anakuja jikoni ameshika ukuta, nampa bega langu, anauma khanga. Nilimwambia, "Mama, kwani si haoni? Msalimie umesimama."

"Anasikia. Sauti ya mtu aliyesimama inatoka juu."

"Basi mwambie unaumwa."

"Nyamaza."

Sababu niliijua jioni ya siku nyingine. Baba na bibi walikuwa sebuleni na chai. Mama alikuwa anakuja na chupa nyingine, mimi nipo nyuma yake na vikombe. Bibi akasema, taratibu tu, kama anaongelea mvua:

"Mwanangu, shamba lile ni kubwa. Jembe moja litaisha. Kaka yako ana majembe mawili na nyumba yake imetulia."

Majembe mawili ya baba mkubwa nawaita mama mkubwa wote wawili.

Baba alisema, "Mama, chai yako inapoa."

Mama alikuwa nyuma ya mlango na chupa mkononi. Halafu akaingia, akamimina chai, hakumwaga hata tone. Alipokuja jikoni aliniambia bila kuniangalia, "Habari ya goti bibi yako asiijue. Umesikia? Hata kidogo."

Nilisikia. Lakini nilichoka mimi pia, sidanganyi. Kuamka kusikiliza goti, kukanda, kwenda shule, kurudi kukanda, na katikati yake kujifanya nyumba yetu haina ugonjwa.

Kigoda hakikupangwa na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, mama alitoka shambani goti limevimba mpaka hulioni lilipo. Asubuhi alimletea bibi uji uani, akasimama mbele yake, akaanza kushuka, nikaona mguu umekataa. Kigoda nilichokuwa nakalia kuoshea vyombo kilikuwa pale pale pembeni. Mama akakivuta kwa kidole cha mguu, akakaa.

"Mwangaluka, mayu."

Sauti ilitoka chini, pale pale inapotokea siku zote.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Umeamkaje?"

Zikaenda salamu zote mpaka kwa ng'ombe. Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia masufuria. Kuanzia hapo kila asubuhi kigoda nilikiacha pale, na hatukuwahi kukiongelea. Sijui kama ile ilikuwa dhambi. Ninachojua mama alianza kwenda chooni bila kushika ukuta.

Madaktari wakaja. Baba alimpeleka bibi, wakamfanyia jicho moja la kulia, la kushoto wakasema arudi baadaye. Alilala huko na kitambaa usoni, kesho yake wakakitoa, na mimi ndiye niliyempokea kwa sababu nilikuwa nimetoka shule mapema. Alishuka kwenye bajaji anageuza kichwa kama kuku.

"Kumbe nyumba ina rangi! Nani kachagua hii? Na wewe ni nani, mlingoti?"

"Mimi, bibi."

"Mke mwenzangu! Kumbe shingo ndiyo hii? Babu yako angekukimbia." Akanishika shavu, akaniangalia na lile jicho moja, likajaa machozi. "Mzuri. Mzuri, lakini mwoga."

Kwa sababu alitakiwa kupumzika, alilala mapema, kabla mama hajarudi kutoka Kakese. Nilimwambia mama habari zote pale pale bodaboda ilipomshushia. Hakufurahi haraka. Alikaa kwanza.

"Anaona vizuri?"

"Ameniona shingo."

"Basi kesho nitapiga magoti. Nikande vizuri leo. Kesho nitapiga."

Nikamkanda mpaka maji yakapoa, nikachemsha mengine. Goti lilikuwa na joto lake lenyewe, kama mtu ana homa sehemu moja tu ya mwili.

Asubuhi yake mama aliamka kuwasha jiko. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda kama mtu yeyote anayepuliza mkaa, moshi machoni, usingizi bado upo naye. Siku zote bibi alikuwa ananingoja mimi nimshike mkono nimtoe nje. Siku hiyo alijitoa mwenyewe. Alifungua mlango, akasimama. Mama alisikia nyayo, hata hakugeuka sawasawa, akasema kwa ile sauti ya chini ya siku zote, sauti ya heshima kabisa:

"Mwangaluka, mayu."

Nilikuwa pembeni napiga mswaki, povu mdomoni. Nilimwona mama anafungua macho. Nadhani ndipo alipokumbuka.

Bibi alikiangalia kigoda. Akamwangalia mama. Akakiangalia tena.

"Kumbe ndivyo unavyonisalimia?"

Mama alitaka kushuka haraka. Goti la kushoto lilifika chini, la kulia likakwama katikati, ko!, na mama akabaki hivyo, mkono mmoja kwenye majivu, hawezi kushuka wala kupanda.

"Tangu lini?" Bibi hakupaza sauti. "Nakuuliza. Tangu lini unanisalimia umekaa kama mwanamume?"

"Nisamehe, mayu."

Sijui nilipatia wapi. Nilitema povu na maneno yakatoka pamoja nalo. "Bibi, goti lake limesagika. Ndani kuna gegedu, linazuia mifupa isisagane, sasa la mama limekwisha, mfupa unagusa mfupa." Nikagonganisha ngumi zangu mbili, nikazisugua, ili aone. "Hivi. Kila akikunja, hivi. Madam amesema asipige magoti. Na kigoda nilikuwa nakiweka mimi."

Nilidhani nikishaeleza sayansi yenyewe jambo litaisha.

"Sijauliza goti," bibi alisema. "Goti nalijua. Mimi usiku nalala na magoti yangu kama nalala na watoto wagonjwa. Ungeniambia goti, ningekuambia kaa. Nauliza, macho yangu yalikuwa yamekufa, nyie ndani ya nyumba ya mwanangu mkayafanya mchezo. Kila asubuhi. Na mimi namjibu mtu, namuuliza mpaka ng'ombe!"

Jibu la hilo kwenye goti la ubaoni halikuwepo.

Mama, bado amening'inia vile vile, akasema, "Niliogopa jembe la pili."

"Jembe gani?"

"Uliloongea na baba yao. Nilisikia. Nikasema ukijua nimeharibika miguu, litaletwa kesho."

Mkaa ulikuwa umeshika, uji wa jana uliokuwa juu yake ukaanza kuungua chini ya sufuria. Bibi alisimama anapepesa lile jicho jipya. Nilingoja aseme kwamba hilo la jembe yalikuwa maneno tu. Hakusema.

"Mke mwenzangu, ipua sufuria," aliniambia. "Halafu njoo tumshike huyu."

Tulimwinua, bibi kwapa moja, mimi kwapa lingine, tukamkalisha pale pale kwenye kigoda. Bibi aliinama akaweka kiganja kwenye goti la kulia. Akakiondoa, akakirudisha.

"Lina moto," alisema, na akaenda ndani.

Siku zilizobaki alikuwa anaongea na mimi na baba. Mama akimsalimia kutoka kwenye kigoda, alijibu mwangaluka moja, basi. Hakuuliza ng'ombe. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nawatamani hao ng'ombe waulizwe. Mama alikuwa anakaa vizuri sasa, kwa halali kabisa, mgongo umenyooka, na usiku wa siku ile ya kwanza nilimkuta analia jikoni. Nilifikiri ni maumivu, nikashika kitambaa.

"Acha," alisema. "Leo haliumi. Leo nimesalimia kama mgeni."

Tulimpeleka hospitali. Daktari alilikunja goti, akalinyoosha, akaweka sikio karibu akatabasamu, akasema yale yale ya madam. Akaongeza: asikae kwenye tope. Mama alimwangalia kwa upole tu, kama unavyomwangalia mtu anayekushauri usinyeshewe wakati mvua ishakushukia. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi muda wote, tulipotoka nje akasema mwaka huu tutapandikiza nusu. Nusu nyingine ibaki majani.

"Na mama yako?" mama akauliza.

"Mama yangu anakula mchele kiasi gani?"

Ndiyo hivyo baba anavyojibu. Kila akiulizwa jambo zito anajibu pembeni yake. Mama aliingia kwenye bajaji, akautanguliza mguu mzima, akauvuta mbovu kwa mikono.

Jumamosi naenda Kakese mimi badala ya mama. Nimejua sasa tope linafanya nini. Ikifika mchana naweza kuhesabu kwa maumivu kila kiungo nilichonacho bila kuangalia daftari: vifundo, magoti, nyonga, vidole. Kile cha kwenye fuvu tu ndicho kisichouma, kwa sababu mifupa yake imeshikana haichezi, na wakati mwingine nakionea wivu.

Siku bibi alipoondoka, baba mkubwa alikuja kumchukua na pikipiki. Mama alitoka nje kumuaga. Watu wa upande wa baba walikuwepo, na nilimwona mama anakusanya khanga, anataka kushuka mbele yao. Bibi akanyoosha mkono.

"Leteni kiti," alisema. Siyo kigoda, kiti. Nikakimbia. Mama akakaa mbele ya watu wote, bibi akiwa amesimama, na nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Umeamkaje?" bibi akaanza.

"Salama, mayu."

"Watoto?"

"Salama."

Nikafikiri anaishia hapo.

"Hilo la jembe," alisema, kwa sauti ya kawaida, baba mkubwa anafunga mizigo pale pale, "sijalitoa moyoni. Sitakudanganya. Nikirudi kwa jicho la pili tutaliongea, mimi na wewe, tukitazamana."

"Ndiyo, mayu."

Pikipiki ikaondoka.

Sasa kila jioni, badala ya kumkanda tu, namsimamia mazoezi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, ananyoosha mguu, anaushikilia hewani, mimi namhesabia, mpaka msuli wa paja unatetemeka, jasho linamtoka. "Bado?" ananiuliza. "Bado kidogo." Ananitukana, anacheka, anaushusha, anaupandisha tena. Wakati mwingine nasinzia na yeye yuko katikati, ananipiga na mto.

Bibi atarudi mvua zikiisha. Mama anataka siku hiyo, wakimaliza kuongea, anyanyuke kwenye kiti bila kushikwa na mtu. Kupiga magoti hakutaji tena. Anautazama mguu wake ulivyo hewani, anauma mdomo, ananiambia nisihesabu haraka.